Kitasa cha Fundi Mwinyihaji

“Kitasa husifiwa kikifunga, hupendwa kikifunguka.”

Vijana walikuwa wameisikia methali hiyo asubuhi, kwenye nikaha ya binamu yao, pale mjomba wa bibi harusi alipomshika bwana harusi bega na kumwambia mbele ya watu wote. Watu wazima wakacheka na kuitikia, “Naam!” Vijana wakatazamana. Jioni, walipokuwa uani wakikausha masufuria ya pilau, wakamuuliza bibi yao, Bi. Mwanasiti, maana yeye ndiye aliyecheka kuliko wote.

“Hiyo ina kwao,” akasema Bi. Mwanasiti, akajifuta mikono kwa upande wa kanga. “Si ya kuokota njiani. Ilizaliwa Pangani, katika karakana ya fundi shaba, mchana kweupe. Wekeni hayo masufuria chini, nitawapa tangu mwanzo.”

Methali yenyewe, basi, ilianza hivi.

Palikuwa na fundi Pangani akiitwa Mwinyihaji Kidege. Zama zake watu wenye uwezo walikuwa wamerudi kupenda samani za kizamani. Waliotupa vitanda vya bibi zao vya besera, vile vya nguzo nne, wakaanza kuvitafuta. Waliouza makasha ya babu zao wakataka watengenezewe mengine yafanane nayo. Mbao zilikuwapo na maseremala walikuwapo, lakini kasha la kizamani bila shaba yake ni sanduku tu. Linataka bawaba ndefu zenye ncha kama jani, vipini vya kulibebea, pembe za kukinga kona, misumari ya vichwa vya mviringo iliyopangwa ikawa maua. Na juu ya hayo yote linataka kitasa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Mwinyihaji.

Hakuwa na mashine. Alikata bamba la shaba kwa mkasi, akalipasha moto likalainika, akalilaza juu ya lami ili lisiruke anapoligonga. Kisha akachora kwa ncha ya msumari: ua la mkadi, jani la mtambuu, mnyororo usio na mwanzo wala mwisho. Halafu tindo ndogo na nyundo ndogo, tik tik tik, tangu asubuhi hadi alasiri, mpaka ua lile likainuka juu ya shaba ukadhani ukilinusa litanukia. Hakurudia ua moja mara ya pili. Ukimuuliza kwa nini, atakujibu, “Mkadi wenyewe umerudia?”

Lakini kilichompa jina ni vitasa. Alikuwa amebuni kitasa cha kujifunga. Ukishusha mfuniko wa kasha, ulimi wa shaba ulijichomeka wenyewe mahali pake kwa mlio mmoja: tak! Basi. Hapo hata ungeleta wezi wa Pangani na wa Bweni, ng’ambo ya mto, hawafungui bila ufunguo. Watu walikuwa wakiingia karakanani bila shughuli yoyote, ili tu wamwombe ashushe mfuniko wasikie mlio ule.

Na alikuwa na mwenzake, Ngwaru Sefu, seremala. Ngwaru alitengeneza makasha, Mwinyihaji akayavika shaba. Walifanya kazi chumba kimoja tangu ujana wao, huku randa, huku nyundo, wakitaniana kutwa nzima. Chakula cha mchana walikula sinia moja. Mke wa Ngwaru akipika, wanakula cha Ngwaru. Binti wa Mwinyihaji, Mwanaidi, akipika, wanakula cha Mwinyihaji. Watoto wa mtaani walipotumwa kwa mmoja wao walikuwa hawajui wamwite nani, wakisimama mlangoni na kusema tu, “Hodi, mafundi!”

Urafiki huo uliharibika kwa neno moja, tena neno la kweli.

Alikuja mama mmoja kutoka Tanga, akimtafutia binti yake kasha la harusi. Mwinyihaji akamwonyesha kitasa chake, akashusha mfuniko, tak! Mama yule akapiga makofi kwa furaha. Ngwaru, ambaye siku zote alikuwa na wasiwasi na kitasa kile, akanyanyua kichwa kutoka kwenye randa yake akasema, “Mama, nyumbani kuna watoto?”

“Wapo wengi,” mama akajibu.

“Basi mwambie fundi akuwekee cha kawaida. Hiki kinajifunga chenyewe. Mtoto akiingia mle kucheza, mfuniko ukamwangukia, atatokaje?”

Mama yule akashtuka, akaondoa mkono wake juu ya kasha kana kwamba limemchoma. Akasema atafikiri. Akaondoka, na hakurudi.

Mwinyihaji alingoja mpaka nyayo zake zisikike mbali. Kisha akasema taratibu, “Ngwaru, umeivunja kazi yangu mbele ya mgeni.”

“Nimesema la kweli.”

“La kweli lina pahali pake.”

“Na mtoto akifa mle ndani,” Ngwaru akauliza, naye sasa amekasirika, “pahali pake patakuwa wapi?”

Mwinyihaji alikaa chini akaendelea na ua lake, na siku ile hakunena tena. Kesho yake Ngwaru alipomwamkia, hakuitikia. Kesho kutwa vilevile. Juma halijaisha, Ngwaru akabeba randa zake na misumeno yake akahamia kibanda kingine karibu na soko. Aliacha kasha moja la mvule alilokuwa amekwisha lijenga, ambalo Mwinyihaji alikuwa ameanza kulivika shaba. Hilo likawa kasha la mwisho la kazi yao ya pamoja.

Siku ya Idi Ngwaru alikwenda kwa Mwinyihaji amevaa kanzu yake mpya, mkononi ana sahani ya kaimati iliyofunikwa kawa. Akapiga hodi. Mwinyihaji alikuwa nyuma ya dirisha, akamwona, akasimama palepale kimya. Ngwaru akapiga hodi tena, akangoja, akaiweka sahani kizingitini, akaenda zake.

Habari zikaenea, na jambo la ajabu ni kwamba watu walimsifu Mwinyihaji. Barazani walisema, “Yule mtu ana msimamo. Akifunga amefunga. Ni kama kitasa chake mwenyewe!” Maneno hayo yalimfikia, na hakosi mtu kupendezwa na sifa. Akazidi kukaza. Lakini karakana ilikuwa imepoa. Hapakuwa na wa kumshikia ncha ya pili ya bamba, wala wa kumtania. Chakula cha mchana alikula peke yake, na mara nyingine Mwanaidi alikuta sinia limerudi kama lilivyokwenda.

Mwanaidi alikuwa akikaa kwa baba yake, nyumba iliyoungana na karakana, pamoja na binti yake mdogo, Chausiku. Mtoto huyo alikuwa ndiyo kwanza ameanza kung’oka meno ya mbele, na hakuna kitu alichokipenda kama kucheza kibemasa na watoto wa jirani. Kujificha ndiko alikokuwa hodari. Mara nyingine wenzake walimtafuta mpaka wakachoka wakaenda kula.

Siku moja Mwinyihaji alikuwa amelimaliza lile kasha la mvule. Alitia mafuta bawaba, akauacha mfuniko wazi ili yakauke, na ufunguo akauweka ndani ya kasha, katika kijisanduku cha kuwekea vito, usije ukapotea kati ya vipande vya shaba. Ufunguo wa pili alikuwa hajautengeneza. Adhana ya adhuhuri ilipolia, akanawa, akaenda kusali.

Aliporudi aliwakuta watoto mlangoni wanapiga kelele: “Chausiku! Tumeshindwa! Toka!”

Mwinyihaji akatabasamu. Akaingia ndani, na tabasamu lile likakatika. Mfuniko wa kasha ulikuwa umeshuka.

Alisimama akajaribu kukumbuka kama aliufunga yeye. Ndipo akasikia, kutoka ndani ya mvule, kitu kikigonga. Mgongo wa mkono mdogo.

“Babu,” sauti ikasema kwa mbali, kama mtu aliye kisimani. “Babu, giza.”

Mwinyihaji alitafuta ufunguo juu ya meza, akageuza vipande vya shaba, akapekua sakafu, ndipo akakumbuka ulipo. Ulikuwa ndani na mtoto.

Akachukua waya akauingiza katika tundu la kitasa. Kila alipoupinda, ukakutana na ukuta mdogo wa shaba. Kila alipoukwepesha, ukakutana na mwingine. Kuta hizo alizipanga yeye kwa mkono wake, ili wezi wakome. Akaacha tundu akaziendea bawaba. Misumari yake ilikuwa imepita mbao na kukunjwa kwa ndani, na vichwa vyake amevifunika kwa maua. Hapakuwa na pa kuingiza hata ukucha. Mambo yote ambayo watu walikuwa wakija kuyastaajabia sasa yalikuwa yamemgeuka.

Watoto walikuwa wamekwisha kimbia kuita watu. Mwanaidi akaja mikono imejaa unga, akajitupa juu ya kasha. “Mwanangu! Chausiku, mama niko hapa!” Muuza mkaa wa jirani akaja na shoka, akainua, akapiga. Mvule ule ulikuwa mgumu kama jiwe; shoka likaruka, likaacha alama ndogo tu, na mtoto ndani akapiga ukelele. Mwanaidi akamshika yule bwana mkono.

“Usipige! Shoka likipita litamkuta yeye!”

Wakasimama, wanahema, hawajui la kufanya. Ndani ya kasha kilio kilikuwa kimepungua. Sasa kilikuwa kama cha mtu anayetaka kulala.

“Baba,” Mwanaidi akasema, “kasha hili nani alilijenga?”

“Ngwaru.”

“Basi Ngwaru anajua lilivyoshikana.”

Mwinyihaji alifikiria kumtuma mtu. Wazo hilo lilimjia, nalo likapita kwa kasi ile ile, kwa sababu aliona jinsi litakavyokwenda: mtu atafika, ataulizwa ametumwa na nani, atasema, na Ngwaru atasita, japo kidogo. Na hata muda mdogo huo haukuwapo. Akaikamata kanzu yake kwa mikono miwili akatoka mbio, viatu vimebaki mlangoni. Watu wa barazani wakamwona mtu mzima yule, mwenye msimamo, anakimbia peku katikati ya njia kuelekea sokoni.

Ngwaru alikuwa akipiga randa. Alisikia jina lake likiitwa na sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa muda mrefu, akageuka.

“Ngwaru,” Mwinyihaji akasema, ameegemea mwimo wa mlango. “Ngwaru, mwenzangu. Chausiku yumo ndani ya kasha. Kitasa kimejifunga. Nisaidie.”

Ngwaru angeweza kusema mengi. Neno moja tu, “Nilikwambia,” lilikuwa haki yake, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakulisema. Alinyakua nyundo yake ya mti na kipande cha chuma, akauliza, “Lile la mvule?”

“Lile.”

“Njia yake iko chini,” akasema, naye tayari amekwisha mpita mlangoni.

Walikimbia pamoja. Walipofika, Ngwaru akawaambia wanaume walaze kasha ubavu, polepole, na Mwanaidi aendelee kusema na mtoto. “Chausiku, jishike, mama, tunakugeuza,” Mwanaidi akawa anasema. “Utajihisi kama uko kwenye bembea.” Kasha likalala. Ngwaru akapiga magoti, akapapasa kitako chake kwa vidole kama mtu anayesoma gizani.

“Kitako cha kasha ndicho huoza kwanza,” akasema, zaidi kwa kujituliza kuliko kueleza. “Ndiyo maana sikukipigilia. Ubao umepita kwenye mfereji, umezuiwa kwa vijiti. Vijiti vikitoka, ubao unavutika.” Vidole vyake vikafika pembeni, akasema, “Lakini pembe zako zimeukalia, Mwinyihaji. Zinaushika.”

Pembe zile zilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Kila moja ilikuwa na mkadi wake, na petali zake zilikunjika zikaingia chini ya kasha kana kwamba zinalikumbatia. Ngwaru alimtazama rafiki yake, akisubiri.

Mwinyihaji alikuwa ameshashika tindo. Akaiweka katikati ya ua la kwanza akaipiga kwa nyundo kubwa. Shaba ikalia, ikapasuka. Akahamia la pili. Nyuma yake Ngwaru anagonga vijiti, kimoja baada ya kingine, na vile vijiti vinarukia sakafuni.

“Chausiku,” Mwinyihaji akasema bila kuinua macho, “mimi babu. Nigongee nisikie.”

Mkono mdogo ukagonga.

Akakata ua la tatu. “Nigongee tena, mjukuu wangu.”

Kimya.

“Chausiku!”

Mwinyihaji akapiga pembe ya mwisho pigo moja ambalo mtaani walilisikia, Ngwaru akatia chuma chake chini ya ubao akavuta kwa uzito wake wote. Ubao ukagoma, ukalia, kisha ukatoka kama droo ya meza, Ngwaru akaangukia mgongo. Mwanaidi akaingiza mikono ndani akamvuta binti yake nje.

Alikuwa amelowa jasho kama aliyetolewa majini, shingo imelegea. Mwanaidi akamlaza penye upepo wa mlango, mtu akampepea kwa kawa, mwingine akammwagia maji usoni. Kifua chake kikapanda. Kikashuka. Kikapanda tena kwa nguvu, akakohoa, akafungua macho akawatazama watu wote waliomwinamia.

“Wameniona?” akauliza.

Mwanaidi akamkumbatia. Muuza mkaa ndiye aliyemjibu, machozi yakimtoka bila kuyaficha. “Hawakukuona, mwanangu. Walitafuta mpaka wakashindwa.”

“Basi nimeshinda,” Chausiku akasema, akatabasamu mpaka pengo lake likaonekana.

Hapo kila mtu akacheka, na kila mtu akalia, wala haikujulikana nani anafanya lipi. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele kama harusini. Mwinyihaji akajikuta amekaa sakafuni katikati ya maua yaliyokatika, na mwili wake wote mwepesi kama wa mtu aliyetoka homani. Ngwaru alikuwa ubavuni pake, bado anahema.

Chausiku alipopata nguvu alimfuata babu yake, akafumbua kiganja. Ndani yake ulikuwamo ufunguo.

“Nimekushikia, babu. Nilipapasa nikaupata. Nikatafuta tundu lake nifungue.” Akamtazama kwa mshangao. “Kwa ndani hakuna tundu.”

Mwinyihaji akaupokea ufunguo, akamvuta mtoto kifuani, akakaa hivyo mpaka Mwanaidi alipokuja kumchukua akamlishe.

Watu wakaanza kutawanyika. Mafundi wawili wakabaki walipo.

“Ulisema,” Mwinyihaji akasema.

“Nilisema mbele ya mgeni,” Ngwaru akajibu. “Ningekuita pembeni. Hilo nimelifikiri sana.”

“Siku ya Idi nilikuwapo nyumbani.”

“Najua. Niliiona kanzu yako dirishani.”

“Uliniona?” Mwinyihaji akageuka. “Na bado ukaacha kaimati?”

“Sasa ningekwenda nazo wapi? Mke wangu angeniuliza nimezirudishia nini.”

Mwinyihaji akaanza kucheka. Kicheko kilianza kidogo, kikampanda mpaka mabega yakamtikisika, Ngwaru naye kikamshika. Mwanaidi aliyekuwa jikoni akakisikia, akasimama na upawa mkononi. Hakuwa amekisikia nyumbani mwao tangu kabla ya mfungo. Akapakua chakula kwenye sinia moja kubwa, akawapelekea.

Kasha lile lilirudishiwa kitako chake, na Mwinyihaji akatengeneza kitasa kingine. Bado kilijifunga kwa mlio ule ule, lakini upande wa ndani alikitia ua dogo la shaba. Ukilibonyeza, hata gizani, hata kwa kidole cha mtoto, ulimi unarudi na mfuniko unainuka. Siku ya kukijaribu, Chausiku alikataa katakata kuingia. Ikabidi aingie Ngwaru mwenyewe, magoti yamegusa kidevu. Mfuniko ukashuka, tak! Watoto wakashika vinywa. Kisha mfuniko ukafumuka, Ngwaru akaibuka mzima mzima, ndevu zimejaa vumbi la mbao, na karakana nzima ikalipuka kwa makelele.

Mzee mmoja wa barazani, mmoja wa wale waliokuwa wakimsifu Mwinyihaji, alitikisa kichwa. “Fundi,” akasema, “umekiharibu. Zamani kitasa chako kikifunga kimefunga. Hiki kinachofunguka kwa kuguswa tutakisifia nini?”

Mwanaidi alikuwa akipita na buli la kahawa. Akasimama. Akamtazama baba yake, aliyekuwa akimkung’uta Ngwaru vumbi mgongoni huku akimtania.

“Mzee wangu,” akasema kwa adabu, “kitasa husifiwa kikifunga. Lakini kwetu sisi tunaoishi nacho, hupendwa kikifunguka.”

Mzee yule akafuata macho yake, akaona alichokuwa akikitazama. Akanyoosha kikombe chake kujaziwa kahawa.

“Kweli, mwanangu,” akasema. “Tulisifu tusichokijua.”

Usiku ule maneno yale yakazungumzwa barazani, kesho yake yakafika sokoni, na baadaye yakavuka mto kwenda Bweni. Kila aliyeyapokea aliyafupisha kidogo, mpaka yakawa kama tulivyoyakuta. Na mpaka leo Pangani, mtu akinuna siku nyingi na kuona fahari kwamba hajamsemesha nduguye, hawamgombezi. Humtilia kahawa, humkaribisha akae, na humwambia taratibu: kitasa husifiwa kikifunga, hupendwa kikifunguka.